Diski Kumi na Moja

Diski kumi na moja zilikuwa mezani, na zote zilikuwa tupu. Mbula aliziingiza kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, akasubiri mashine ingurume, akasoma jibu lile lile: hakuna faili. Alipomaliza ya kumi na moja aliirudia ya kwanza. Hakuwa na matumaini yoyote. Alifundishwa tu kwamba jambo lisilopimwa mara mbili halijapimwa.

"Nani alihifadhi kazi yake jana?" akauliza.

Mikono kumi na mmoja ikainuka.

"Nauliza tena. Nani alihifadhi?"

"Sisi wote, Madam," akasema Gicheru, kijana aliyejipa kazi ya kuwasemea wenzake. "Diski ilikuwa ndani. Tukaandika, tukatoa. Ati unataka tufanye nini ingine? Tuiombee?"

Darasa likacheka. Mbula hakucheka.

Ilikuwa Julai 1996, na ukungu wa Nyeri ulikuwa haujaondoka madirishani tangu Jumatatu. Alikuwa ameajiriwa kwa muhula mmoja kuwafundisha kompyuta wanafunzi wa upigaji picha za eksirei, katika chumba kilichokuwa stoo ya mashuka. Siku ya kwanza, alipowasha mashine, wanafunzi watatu waliinuka bila kuambiwa wakaenda kusimama nyuma ya ukuta kama wafanyavyo kwenye eksirei, wakisubiri waambiwe kwamba imekwisha. Wiki ya pili alikuta mtu amefunga mapazia na kuzima taa ili kazi isiungue kwa mwanga kama filamu. Yote hayo aliyasahihisha kwa upole. Sasa ilikuwa wiki ya sita, na upole ulikuwa umemwishia.

Ubaoni, kwa chaki nyekundu, aliandika kwa mara ya arobaini hatua za kuhifadhi: BONYEZA F10. ANDIKA JINA. BONYEZA ENTER. Walinakili kwa mwandiko safi. Wangeweza kuyakariri maneno hayo wakiwa usingizini. Kisha wangeandika kazi yao, wachomoe diski, na kumkabidhi kitu kitupu kwa uso wa mtu aliyemaliza wajibu wake.

Mtihani ulikuwa Ijumaa. Kuanzia mwaka huo, asiyefaulu kompyuta hangesajiliwa kuwa mpiga eksirei, hata awe na alama gani katika masomo mengine. Gicheru na vijana wenzake wangeweza kurudia mwaka ujao. Muriithi, mkubwa wao kwa umri, hangeweza. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na ishirini na miwili kati yake aliimaliza katika chumba cha giza cha hospitali moja ndogo, akiosha filamu zilizopigwa na wengine. Sheria ya udhamini wa masomo ilikuwa wazi: ukishafika hamsini, hupelekwi masomoni tena. Akianguka, angerudi kwenye ndoo zake za dawa hadi astaafu.

Mbula alijua hayo, na ndiyo sababu diski ya Muriithi ilimuudhi kuliko zote. Aliichukua akavuka uwanja kwenda idara ya eksirei, mahali ambapo wanafunzi walifanya mazoezi alasiri. Alikuwa ametayarisha maneno yake. Alipoambiwa Muriithi yuko chumba cha giza, hakusubiri. Komeo la mlango lilikuwa limelegea. Alisukuma.

Mwanga ukaingia pamoja naye.

"Mwalimu!"

Muriithi alikuwa amesimama na filamu mkononi, ametoka tu kuitoa kwenye kaseti, lile kasha linaloikinga na mwanga. Aliitazama, kisha akaitupa kwenye pipa bila haraka.

"Hiyo imekufa," akasema. "Hukuona taa nyekundu hapo juu ya mlango?"

"Niliiona."

"Na haikukuambia kitu."

Nje, kwenye benchi, bibi mmoja aliyekuja kupigwa picha ya kifua alikuwa anafunga vifungo vya sweta yake ya pili.

"Cucu, tutarudia kidogo," Muriithi akamwambia.

"Ati tena? Na baridi hii, na nimeshavaa?" Bibi akamtazama Mbula kuanzia viatu hadi kichwa. "Ni huyu amefungua? Huko kwenu milango haigongwi?"

Mbula akaomba radhi. Alitazama bibi akivua sweta zote mbili, akisimamishwa upya mbele ya kaseti, mabega yakisogezwa mbele, kidevu kikiinuliwa. Ilichukua dakika nne. Kisha Muriithi akaenda nyuma ya ukuta, akamwambia avute pumzi na kuishika, swichi ikalia, akarudi na kaseti. Safari hii alimwingiza Mbula chumbani na kuufunga mlango kwa kiti.

Gizani, chini ya taa hafifu nyekundu, filamu ilikuwa karatasi ya kijivu isiyo na chochote.

"Hapa hakuna kitu," Mbula akasema.

"Iko. Cucu yuko ndani, ni vile humuoni. Dawa itamtoa tu."

"Aliingia saa ngapi?"

"Si nilipobonyeza swichi?"

"Na kabla ya swichi? Zile dakika nne zote?"

Muriithi akacheka kidogo. "Hiyo ni kupanga mgonjwa. Unaweza kumpanga mpaka jioni, na filamu iko hapo mbele yake, haijui lolote."

Kosa la mtu mmoja ni la mtu huyo. Kosa la watu kumi na mmoja, lililofanywa kwa namna ile ile, lina chanzo kimoja, na Mbula alikuwa na ushahidi huo mezani tangu asubuhi. Aliusoma vibaya.

"Mzee Muriithi," akasema, "ukiwa unaandika kwenye kompyuta, na diski iko ndani, unadhani kazi inaenda wapi?"

"Inaingia kwa diski. Si ndiyo imewekwa hapo kuipokea?"

"Haiingii. Wakati wote huo unapanga mgonjwa."

Filamu ilining'inia juu ya dawa. Muriithi aliisahau kwa muda.

"Na F10?"

"Ndiyo swichi."

"Wiki sita, Mwalimu," akasema hatimaye. "Wiki sita umekuwa na hiyo maneno, hukuitoa."

Ijumaa, msimamizi kutoka Nairobi, Bwana Munyao, alisoma masharti: mwalimu akae nyuma, na akitamka neno lolote kwa mwanafunzi, karatasi ya mwanafunzi huyo inafutwa. Mbula akakaa nyuma.

Muriithi aliandika kwa vidole viwili. Wenzake, nao wakiwa wameelezwa habari ya swichi, walimaliza, wakatoka mmoja mmoja. Zikiwa zimebaki dakika tatu aliandika nukta ya mwisho, akashusha pumzi, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kitufe cha kuchomolea diski.

Mbula alishika ukingo wa meza.

Mkono ukasimama. Ukarudi juu, polepole, ukatafuta safu ya vitufe vya juu.

"Vuta pumzi," Muriithi akaiambia skrini, kwa sauti ya chini, ya adabu. "Ishike hapo hapo. Usitingishike."

Akabonyeza. Akaandika jina. Akabonyeza tena. Mashine ikaguna, taa ndogo ya kijani ikawaka, naye akaikodolea macho hadi ilipozimika.

"Haya, pumua."

Bwana Munyao aliinua kichwa kutoka kwenye saa yake. Akamgeukia Mbula.

"Huyu anaongea na nani?"

"Na mgonjwa," Mbula akajibu.

Munyao akainama na kuandika mstari mrefu kwenye fomu yake, lakini karatasi ya Muriithi hakuifuta.