Mwiko wa Mama Deborah

Begi la Régine lilikuwa limefungwa tangu Ijumaa. Ndani yake mlikuwa na aproni mbili, viatu vya kazi, na barua ya kumpokea awe mpishi katika kantini ya wachimbaji huko Kinsevere: wiki mbili kazini, wiki mbili nyumbani. Kwa miaka minne hakuwahi kuliacha jiko lake hata kwa nusu siku. Jumatatu alfajiri basi lingepita kumchukua. Leo ilikuwa Jumamosi, na kazi iliyobaki ilikuwa moja tu: kumfundisha mama mkwe.

"Tazama, Mama. Ndizi iliyoiva sana inashika unga kama yai." Akaiponda kwa uma, akaimimina kwenye unga wa mandazi, akakoroga.

Mama Kyakimwa, aliyekuja kutoka Butembo kumlea mjukuu wake Deborah, alikaa kwenye kigoda kando ya jiko la mbabula, makaa yakimwangaza usoni. "Kwetu ndizi tunakulaka kama ndizi," akasema.

"Na mkate ule unaong'aa juu, usinunue. Wameupaka yai. Mayoneze, hapana. Keki ya mtu yeyote, hapana. Bukari ya unga wa mahindi na samaki mkavu wa Pweto, mpe mpaka ashibe."

"Nimesikia, Mama Deborah. Nimesikia tangu juzi."

Alijibu kwa upole mno. Régine hakuupenda upole ule.

Deborah alipokuwa na miaka miwili, kipande cha keki ya jirani kilimvimbisha midomo, pumzi ikawa inapiga filimbi, wakakimbia naye hospitali. Daktari akaandika: ana allergie, mwili wake unakataa yai, asile kamwe. Régine aliipeleka karatasi ile nyumba kwa nyumba, na majirani wakacheka. "Allergie njo nini? Ile ugonjwa iko ya bazungu." Wiki ya pili mmoja wao akamwonjesha mtoto kimanda, kidogo tu, ili amzoeze. Wakakimbia hospitali tena.

Waliporudi, Régine alisimama katikati ya uwanja, hasira zikimchemka, akapaza sauti: "Basi mjue! Ni mwiko! Katika ukoo wetu binti wa kwanza hagusi yai. Atakayempa, shauri yake!"

Hakuna mwiko wa namna hiyo katika ukoo wake. Aliutunga palepale. Lakini tangu siku ile hakuna mkono uliothubutu. Wanawake walinawa kwanza baada ya kumenya mayai ndipo wakamgusa Deborah. Karatasi ya daktari ilishindwa. Uongo wa Régine ukalinda. Alijivunia uongo ule kama mtu anavyojivunia ukuta aliojenga kwa mikono yake.

Mchana huohuo Deborah alimjia kutoka kwa bibi yake, aliyemwita Kambo, akilamba unga vidoleni. "Mama, Kambo anasema ukishaenda, Jumatano tunaenda kwenye maombi. Nitakula yai mbele ya mchungaji, nifunguliwe." Akamtazama mama yake. "Nimefungwa wapi?"

Mwiko ukadondoka mkononi, ule wa kukorogea.

"Mama!" Régine alimkuta mama mkwe akianika nguo. "Yai gani la Jumatano?"

Mama Kyakimwa hakuficha. "Majirani wameniambia yote. Mwiko ya ukoo iko agano na pepo. Mimi sitaacha mjukuu wangu katika kamba za babu zako. Tumefunga na kuomba siku saba kwa ajili yake."

"Mwiko haupo! Niliutunga mimi, ili watu waniogope!"

Mama mkwe akapiga makofi, uso ukachanua. "Haleluya! Kumbe hakuna kitu! Basi mutoto akule!"

"Ni ugonjwa, Mama! Karatasi hii hapa!"

"Mama Deborah." Sasa alisema polepole. "Miaka mine umedanganya mutaa muzima. Leo, nimegusa ile kitu, njo unakumbuka ukweli? Huyo si wewe unasema. Pepo anajitetea."

Régine akaikunja karatasi yake. Mwiko ukiwepo, ni wa kuvunjwa. Usipokuwepo, yai ni yai tu. Kila upande aliogeukia, alikuta ukuta wake mwenyewe.

Alimpigia Vital, mumewe, aliyekuwa na lori lake katika foleni ya mpakani Kasumbalesa.

"Mimi nilikuonya siku ile ulipoutunga mwiko," Vital akasema. "Lakini Mama ni mtu wa Mungu. Hawezi kumwua mjukuu wake."

"Hataki kumwua, Vital. Anataka kumponya!"

"Basi nikirudi nitaongea naye."

"Utarudi lini?"

"Huu mpaka wa Kasumbalesa ndio unaojua."

Jumatatu, kulipoanza kupambazuka, basi lilipiga honi mbele ya kiwanja. Régine alikuwa ameinamia mbabula, mafuta yakichemka, Deborah ameegemea mgongo wake, bado mzito wa usingizi. Honi ikalia mara ya pili. Mama Kyakimwa akatazama barabara, akamtazama mkwewe.

"Enda, mwanangu. Mutoto nitabaki naye. Mimi niko hapa mpaka Noeli."

"Ndiyo maana siendi, Mama."

Basi likaondoka. Sauti yake ikasikika mpaka kona, kisha ikapotea. Mama Kyakimwa akachukua andazi la moto, akalipuliza, akalila, akachukua la pili.

"Iko muzuri," akasema bila ubaya wowote. "Inakosa tu yai moja."

Régine akamsogeza Deborah upande wa pili, mbali na kile kigoda, akageuza andazi lingine.