Kuhitimu Kabla ya Wakati

Siku mbili kabla ya mahafali, Royce Napier alikuwa maabara ya kompyuta akila mkate na yai, hana hili wala lile, Marisol alipomjia na kijitabu cha sherehe mkononi. Yeye na Marisol walikuwa wakisoma pamoja tangu mwaka wa kwanza, na msichana huyo hakuwa mtu wa kupepesa maneno.

"Wewe, jina lako linafanya nini humu?"

"Linahitimu. Wivu?"

"Acha mzaha, Royce. Sisi wa miaka mitano hatuhitimu mwaka huu. Ulijaza fomu?"

Alikuwa ameijaza, tena mwenyewe, mwezi wa tatu. Fomu ilimuuliza kama kufikia Mei atakuwa amemaliza masomo yote ya shahada ya kwanza. Akajibu ndiyo, maana ni kweli. Basi. Kijana anayeweza kukaa siku nzima akitafuta kosa moja kwenye programu ya mistari elfu kumi alishindwa kusoma mistari sita iliyoandikwa chini ya fomu.

Marisol akamfungulia ukurasa wa masharti, ule ambao wote waliutia sahihi na hakuna aliyeusoma. Walio kwenye mpango wa shahada ya kwanza na ya uzamili kwa pamoja, masomo yao matatu ya juu huhesabiwa pande zote mbili, ndiyo maana humaliza kwa miaka mitano badala ya sita. Lakini shahada hizo hutolewa siku moja. Ukichukua ya kwanza peke yake, umejitoa. Masomo yale matatu yanabaki kwenye shahada ya kwanza, na uzamili uombe upya kama mtu wa nje. Maombi ya watu wa nje yalifungwa Januari. Na ile nafasi ya kufundisha wanafunzi wapya, ambayo ndiyo ilikuwa imsomeshe mwaka wa tano, ni ya walio ndani tu.

"Mwisho wa kufuta jina ni leo saa kumi na moja," Marisol akasema. "Sasa hivi ni tisa na nusu. Mkate utakula baadaye."

Royce alivuka uwanja wa chuo mbio. Kwenye ofisi ya msajili alimkuta Bi. Pruitt, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba, akamweleza yote bila kupumua.

"Naomba unisaidie, mama. Niache nipite tu jukwaani. Shahada msinipe, nipeni hata karatasi tupu."

"Zamani tuliruhusu. Watu wakapiga picha na majoho, wakaenda zao, hawajamaliza mpaka leo. Siku hizi kama shahada haitolewi, jina halisomwi."

"Bibi yangu anakuja. Anatoka kule milimani, saa nne za barabara, na mtungi wa oksijeni."

"Mwanangu, wiki hii kila mtu ana bibi." Kisha akamtazama vizuri usoni, sauti ikapungua. "Samahani. Shika hii. Ukitia sahihi unabaki kwenye mpango, jina linatoka. Usipotia, ikifika saa kumi na moja naipeleka orodha, na baada ya hapo hata mkuu wa chuo hawezi kuirudisha."

Alitoka na fomu, akakaa kwenye benchi la korido. Nawe usimcheke, maana aliyoyafanya aliyafanya kwa mapenzi. Bibi Verna ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, yeye akiwa na miaka mitatu, kwenye nyumba ya mbao huko mashariki ya Kentucky. Bibi mwenyewe aliachia shule darasa la nane. Mwezi wa tatu daktari aliwakalisha wote wawili chumba kimoja, akasema mapafu ya bibi hayatamfikisha mwezi wa kumi, majani yakianza kuanguka. Bibi alimshukuru daktari kana kwamba ameambiwa bei ya unga. Jioni ile ile Royce akaenda kujaza fomu.

Saa kumi na robo bado hajapiga simu. Saa kumi na nusu akapiga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mtaalamu wangu. Nimeshachemsha maharage na mkate wa mahindi nimeuoka. Mjomba wako Clyde anasema tuondoke alfajiri, utadhani tunakwenda kuwinda. Mbona umepoa?"

"Bibi, nimeharibu."

Akamweleza. Kwenye simu ilisikika mashine ya bibi ya oksijeni ikivuta na kutoa pumzi.

"Kwa hiyo ukivaa joho Jumamosi, ile ya pili imekwenda."

"Imekwenda."

"Usipovaa?"

"Napewa zote mbili. Mei ijayo."

"Sasa unanililia nini? Mshika mbili moja humponyoka, wewe umebahatika kuambiwa ushike vipi. Tia sahihi, maharage atakula Clyde."

"Na wewe, bibi?"

"Mimi nina nini? Nitakuja mwaka ujao. Gauni nimeshanunua, halitaoza."

Alilisema hilo kwa wepesi, kama mtu anayeahidi kupita dukani. Royce akafumba macho. Angeweza kumwambia, bibi, njoo Jumamosi, nataka unione. Neno moja tu, na mzee yule angepanda gari na mtungi wake bila kuuliza swali la pili. Lakini aliitaka ile shahada ya pili. Aliitaka kwa uchu uliomtia aibu, na bibi alikuwa amemfungulia mlango, akasimama pembeni ili apite.

"Sawa, bibi," akasema. "Mwaka ujao."

"Haya. Na ule vizuri, umekonda."

Aliitia sahihi fomu akiwa ameiweka gotini. Jina lake likatoka kama la mtoto. Bi. Pruitt akaipokea, akaisoma mpaka mwisho, akachukua muhuri.

"Bibi amesemaje?"

"Amesema atakuja mwaka ujao."

"Si unaona?" Bi. Pruitt akagonga muhuri, akamtabasamia kwa mara ya kwanza. "Mwaka mmoja si kitu."