Ombi Bila Jina

Ukitaka kujua ya mtaa wa Munyaka, usihangaike na redio. Nenda ushirika wa wanawake wa kanisa siku ya Alhamisi, kwa nyumba yoyote ambayo zamu imefika, uketi karibu na mlango ungoje wakati wa maombi. Kila mmoja huleta ombi lake, na ukitaka kumleta mwenzako, unamleta bila jina. Ni heshima. Jina linaachwa, yanabaki tu kazi yake, rangi ya geti lake na alichofanya mumewe.

Brenda alilelewa ndani ya maombi hayo. Baba yake alikuwa shemasi. Mama yake, Mary, hakuwahi kuwasha jiko kabla ya kupiga magoti. Kwao mtoto hakuruhusiwa kusema watu. Kuombea watu aliruhusiwa, na Brenda, ambaye mdomo wake ulikuwa mwepesi tangu utotoni, aliuona huo mlango mapema sana.

Ndiyo ikawa hivi. Rafiki yake Jelagat, wa tangu shule ya Jumapili, alikuwa anamsuka nywele huku wakipiga stori, mara mikono ikasimama. Akamwambia kuwa Kipyego, mchumba wake, yule mkimbiaji wa kambi ya Kaptagat, ana mtoto wa kike huko. Wameongea, amemsamehe, harusi iko palepale. Shida ni mama yake Kipyego, hajui. Kipyego atamwambia mwenyewe, ana kwa ana.

"Usiambie mtu, Brenda. Hata paka."

"Paka wa nani? Mimi ni kaburi."

Alhamisi hiyo hiyo, kwenye ushirika ambao Jelagat hakufika, kaburi likafunguka. "Kuna dada mmoja ameposwa na mkimbiaji," Brenda alisema kwa sauti ya huruma, "na mkimbiaji ana mtoto Kaptagat. Mama mkwe hajui. Tumwombee." Wanawake walifumba macho upesi kuliko kawaida, na wakati wa chai hakuna aliyeuliza ni nani. Walishajua wote. Aliyekosa kujua ni Mary peke yake, maana Mary akiambiwa jambo ni ombi, anaamini ni ombi.

Alhamisi iliyofuata zamu ilikuwa ya Jelagat. Nyumba ilijaa mpaka wengine wakakalia kitanda. Na kwenye kiti kizuri, karibu na dirisha, alikuwa mama yake Kipyego, ambaye ameshuka kutoka Timboroa na gunia la viazi, amekuja kuwaona wanawake watakaomshika mkono mkaza mwanawe. Kipyego mwenyewe alikuwa hajashuka. Kocha alikuwa amewazuia kambini.

Brenda alipomwona yule mama, aliketi nyuma ya wengine. Akajipa moyo kwamba ya wiki jana yamepita.

Mary akasimama kuomba. Aliombea mvua, akaombea wagonjwa, halafu akashusha sauti. "Na yule dada wa wiki jana, Baba, sisi hatumjui ila wewe unamjua. Mchumba wake mkimbiaji, na yule mtoto wa Kaptagat. Mkumbuke huyo malaika mdogo. Mlainishe moyo nyanya yake ambaye hajaambiwa."

Kuna namna ya kuokoa maombi yakiteleza. Mtu anaanzisha wimbo, wengine wanadakia, na anayeomba analazimika kukata. Brenda ndiye mwenye sauti, kila mara huwa ni yeye. Siku hiyo alitafuta wimbo hata mmoja akakosa. Alifungua macho. Jelagat alikuwa ameyafungua pia, na alikuwa anamwangalia yeye.

"Amina," wakasema wote, isipokuwa mmoja.

"Mary," mama Kipyego alisema polepole, "huyo mkimbiaji ni wa nani?"

"Mungu anamjua, mama. Sisi tunaomba tu."

"Na hawa mbona wanaangalia chini?"

Mary akageuka kutafuta msaada. "Brenda ndiye alituletea hilo ombi. Brenda, funga na maombi."

Brenda akasimama. Akafumba macho kwa nguvu na machozi yakatoka ya kweli. "Bwana, nisamehe. Nimeumiza mtu. Nisafishe mdomo wangu." Amina zilikuwa nyingi, na mwanamke mmoja akampapasa mgongo akimwambia Mungu ni mwaminifu. Alipofungua macho, kile kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Mama Kipyego alikuwa nje kwenye geti, simu sikioni, anasema na mwanawe kwa Kikalenjin, na hakuwa anapiga kelele. Afadhali angepiga.

Jelagat alikuwa jikoni, amegeukia ukuta. Brenda akasimama mlangoni.

"Jela. Umenisikia nikiomba?"

"Nimekusikia. Ulikuwa unaongea na Mungu." Jelagat hakugeuka. "Mimi hujaniambia kitu."

"Niliogopa mbele ya watu."

"Mbele ya watu ndipo uliponisema."

Brenda alirudi sebuleni. Alimtazama mama yake, ambaye Biblia yake ilikuwa bado imefunguka magotini, na safari hii Brenda hakufumba macho.

"Mama, lile halikuwa ombi. Jelagat aliniambia siri yake, nikaona ni tamu, nikaileta hapa. Nilikuwa nasengenya. Na nyinyi mlijua, lakini mimi ndiye nilianza."

Hakuna aliyesema amina. Mary aliiangalia mikono yake, ile aliyokuwa ameiinua akiomba. "Kumbe mimi nimemwombea Jelagat aaibike kwake mwenyewe," alisema. "Na nikamwita Mungu kuwa shahidi."

Jelagat alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Amesikia yote.

"Sasa umeniambia," alisema. "Sijui nitakujibu lini."

Akampita Brenda, akatoka nje kumfuata mama Kipyego getini.