Siku Agasse Alipostahili Neno Lake

Ng'ombe wetu Agasse alisimama, makalio yamegusa mbao za uwanja, mweusi tititi, pembe zimesimama wima, kama bibi harusi aliyekataa kucheza. Vijana watatu waliovaa nyeupe walimzunguka wakitaka kunyakua utepe uliofungwa kati ya pembe zake. Yeye aliwatazama tu.

"Dada, huyu mkamue!" kaka yangu Fernand alipiga kelele. Hapa Camargue, kusini mwa Ufaransa, hilo ni tusi. Ng'ombe wetu ni wa mchezo huu wa utepe, hawakamuliwi.

Nilikuwa nimemchagua mimi mwenyewe, mbele ya wanaume wote, nikaapa kwamba angezaa mafahali wa kutisha. Baba alikwishakata shauri. "Si farouche huyu. Jumatatu mchinjaji anakuja."

Shule niliiacha darasa la sita, lakini neno hilo nililijua. Mwalimu Astruc alinifundisha siku aliponikuta nimejibanza nyuma ya jiko nikikwepa wageni. Warumi wa kale walimwita hivyo aliye nje ya mlango, aliniambia. Likaja kuwa mgeni, kisha mnyama asiyekubali mkono wa mtu, mwisho msichana kama mimi. Mjini ni lawama. Kwetu ng'ombe hana sifa kubwa zaidi.

Nikatazama tena. Wale vijana walikuwa wanapita mbali, hatua tano nzima. Agasse hakuwa mpole. Alikuwa kwake, na hakuna aliyethubutu kupiga hodi.

Nikaruka ndani na sketi yangu ya Jumapili.

"Norade! Toka humo, mwendawazimu wewe!" Baba alinguruma.

Hatua nne. Tatu. Ya pili sikuimaliza. Nilisikia pumzi yake ya moto mgongoni, nikaurukia ukingo, na pembe yake, kwa hisani yake, ikanisaidia kuvuka. Ubao ulipasuka nyuma yangu.

"Haya, Fernand," nilisema nikiwa mavumbini, "nenda kamkamue."

Miaka ya baadaye mafahali wanne wa tumbo lake walipigiwa bendi uwanjani, heshima ya mafahali bora tu, na majina yao yakaandikwa kwenye mabango kwa herufi kubwa kuliko za wanaume waliowakimbia. Siku hizi kila mtu anadai alijua tangu mwanzo.

Lakini jioni ile ile ya ubao kupasuka, Baba alileta daftari la kundi, ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kutia wino ndani yake. Akanisogezea, na kalamu juu yake.

Niliandika neno lile, farouche, mbele ya jina la Agasse kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, nimesimama. Kukaa sikuweza mpaka Alhamisi.