Wanja wa Hajra

Asubuhi ya harusi ya Hajra, Bi Mwanamvua aliamka kwake Kisarawe na jicho la kushoto limeiva. Ugonjwa wa macho mekundu ulikuwa umetapakaa Pwani nzima, na redio haikuchoka kuhimiza kwamba aliyeupata akae mbali na wenzake. Lakini yeye ndiye somo wa Hajra, kungwi wake. Mama mtu alipofariki, Bi Mwanamvua aliapa kwamba mtoto yule atapakwa wanja wa harusi kwa mkono wake, si wa mwingine. Basi akavaa miwani myeusi, akajitia hamnazo, akaenda zake mtaa wa Picha ya Ndege, kwenye nyumba ya harusi.

Wanawake wakampokea kwa vigelegele. "Somo leo ana mambo!" Akajifanya anaringa, asimpe mtu mkono.

Kwa desturi yao, somo hujipaka wanja kwanza, kisha humpaka bibi harusi, halafu wasichana wote wa nyumba ile hupanga foleni kugombea baraka. Kijiti ni kilekile, kichupa kilekile. Hajra alikwishalala mkekani, kidevu juu. Nyuma yake walijipanga wasichana, na katoto Naila mwishoni kalikuwa kakifumba na kufumbua macho kwa mazoezi. Bi Mwanamvua akashika kijiti, akawatazama, akakiweka chini.

Akavua miwani. "Msinisogelee! Jicho linaniuma tangu asubuhi."

Shangazi Anifa, mwenye shughuli, akashika kiuno. "Somo! Mficha maradhi kifo humuumbua. Ungetupofusha ukoo mzima!"

"Kweli, dada. Nilitaka sana nimpake mimi." Aibu ikamshika hasa. Akatafuta kandambili zake aondoke.

"Aende wapi?" Hajra akainuka. "Mpeni kiti kule mwisho wa ua. Nitajipaka mwenyewe, yeye aniongoze."

Ukanunuliwa wanja mpya dukani, na kila msichana akaambiwa atafute kijiti chake. Kutoka kitini Bi Mwanamvua akapaza sauti mpaka majirani wakachungulia. "Shuka nao taratibu! Hilo jicho, mwanangu, si ukuta wa kupiga chokaa!" Wanawake wakacheka mpaka wakakaa chini.

Hajra alipomaliza akamgeukia. "Somo, nimependeza?"

Machozi yalimtiririka Bi Mwanamvua, na mikono ameikalia asije akayafuta.

"Umependeza, mama. La kulia umelizidisha. Liache hivyohivyo."