Plasta Kidevuni mwa Bwana Harusi

Baba yangu, Otakar Vrzal, alikuwa amekaa miaka saba bila kuonekana kwenye sinema, na sababu haikuwa uzee wala ulevi. Vifaru vya wageni vilipoingia Praha, wakubwa waliwapitishia watu karatasi ya kusema kwamba askari wale wamekuja kama marafiki. Waigizaji wengi walitia saini, wakaenda nyumbani kuona haya, kesho yake wakarudi kazini. Baba aliirudisha ikiwa tupu. Alisema angependa sana kuisoma, ila miwani yake imekanyagwa na kifaru. Watu walicheka siku ile moja tu. Baada ya hapo jina lake likafutwa kila mahali, naye akaishia kuwa dobi wa hospitali, akifua mashuka ya wagonjwa.

Mimi waliniacha kwenye chumba cha kukatia filamu kwa kuwa nilikuwa natumia jina la mume wangu, na kwa kuwa mkataji haonekani. Nakaa gizani na glovu za pamba, mkasi na gundi, naunganisha nyuso za watu. Uso wa baba sikutegemea kuushika tena.

Ndipo Bořivoj Kratina alipopiga simu nyumbani kwa baba, siku niliyokuwa nimemtembelea. Huyu Kratina ni mwongozaji mwenye jina, na zamani alikuwa mwanafunzi wa baba. Alikula kwetu, akalala kwenye kochi letu, akavaa koti la baba alipokwenda kuomba kazi yake ya kwanza. Vifaru vilipokuja, yeye miwani yake ilikuwa mizima, akatia saini. Miaka saba akipishana na baba barabarani huangalia madirisha ya duka.

"Mwalimu," alisema kwenye simu, "nina kinyozi kwenye filamu yangu. Ni onyesho moja tu, lakini ni la kwako."

Baba alikata simu, akasimama pale ukumbini akiwa bado ameshika mkono wa simu. Halafu akaenda kujinyoa, saa nane mchana.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kuchekesha, juu ya kijana anayejaribu kuoa huku hana nyumba. Asubuhi ya harusi anatoka kwa mama yake, ameshikilia boksi la keki, kidevuni ana plasta maana amejikata akijinyoa. Njiani anaingia kwa kinyozi mzee. Kinyozi anambandua plasta, anampaka povu, anamnyoa upya, na wembe ukiwa shingoni anamwambia: "Usitikisike, kijana. Nchi hii sote tumejifunza kutotikisika." Basi, ni hivyo tu. Kijana anakwenda kuoa.

Mikanda ya onyesho lile ilipofika mezani kwangu nilifunga mlango. Nilimwona baba akitokea na taulo begani, na nikalia mpaka glovu zikalowa. Sisemi kwa sababu ni baba yangu. Nimekata filamu za watu wengi wakubwa, najua mtu anapoigiza na anapokuwa yeye. Ile sentensi hakuisema kwa uchungu. Aliisema kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale, na hapo ndipo ilipouma.

Nikaweka gundi, nikaunganisha. Kabla ya kinyozi: kijana anafunga mlango wa mama yake, plasta kidevuni. Kinyozi. Baada ya kinyozi: kijana anaingia ukumbi wa manispaa, bibi harusi anamngoja, na kidevuni ana plasta.

Niliurudisha mkanda nikatazama tena. Ilikuwa plasta ileile, mahali palepale. Ametoka kunyolewa na mwigizaji bora wa nchi hii, na plasta iko kidevuni.

Mtu wa nje angesema wamesahau. Kratina hasahau kitu. Angeweza kusimamisha kazi siku nzima kwa kifungo cha shati. Mkononi mwangu nilikuwa na picha mbili zinazoshikana barabara, kama milango ya kabati, na katikati yao baba yangu, hashikani na chochote: ukimtoa, pengo halionekani.

Kwetu kwenye filamu kila mtu anamjua mbwa mweupe, ingawa hatumtaji kwa sauti. Umetengeneza filamu yenye maneno mawili matatu ambayo kamati ya kukagua filamu haitayapenda. Basi unatia kitu kimoja cha kuudhi kabisa, hata kipofu akione: mbwa mweupe katikati ya chumba. Kamati inamrukia mbwa. Mtoeni! Wewe unabishana kidogo, unalia kidogo, unamtoa, na yale maneno yako yanapita mlangoni nyuma ya migongo yao. Wao wanakwenda kula wakijua wamefanya kazi, na wewe una filamu.

Nilimkuta Kratina kwenye kantini, anakula supu.

"Umemfanya baba yangu mbwa," nikasema.

Hakuuliza mbwa gani. Alisukuma sahani pembeni. "Kaa chini, Drahuška. Watu wanatuangalia."

"Waangalie! Asante ya punda ni mateke, nilisikia tu, leo nimeyaona."

"Sikia. Wakimwona Vrzal kwenye skrini, hawataona kitu kingine. Wataondoa dakika tatu na kuniachia filamu nzima. Bila yeye watanichambua mstari kwa mstari."

"Si ungetumia mbwa mwingine! Bendera, mtu uchi, padri, chochote."

"Uchi siku hizi wanaupenda," akasema, na kwa bahati mbaya ilikuwa kweli.

"Basi rudia kupiga ile ya manispaa. Mtoe kijana plasta, ili filamu imhitaji baba kidogo. Wakimkata lionekane pengo."

"Kwa mkanda upi? Ule mtupu wa rangi unatoka nje ya nchi, tunapimiwa kama dawa ya kikohozi." Akashusha sauti. "Mwenzio nimelitaja jina lake ofisini. Miaka saba, nani mwingine amelitaja?"

Mgala muue na haki yake umpe. Hakuna mwingine aliyelitaja.

"Baba anajua?"

"Hajui, na nakuomba asijue. Angejua, angeigizaje vile?"

Jumapili nilikwenda kwa baba nimekusudia kumwambia. Nilimkuta anapiga pasi suruali ya suti nyeusi, ile aliyomzikia mama. Ngazini nilikuwa nimeshasimamishwa na jirani yake, Bi Havránková, mwanamke anayejua nani amenunua nyama na kilo ngapi. Tayari alikuwa anajua siku ya onyesho la kwanza na kiti atakachokalia.

"Baba, kuhusu ile filamu," nikaanza.

"Nyamaza," akasema bila kuinua macho kwenye pasi. "Usinihadithie. Nataka nikaione na watu wengine, gizani, kwa tiketi."

"Lakini kuna jambo..."

"Drahuška, nimekuomba kitu gani mwaka huu? Nimekuomba hiki tu. Hebu nipe maji nirashie."

Nikampa maji. Nilijipa matumaini ya kijinga kwamba kamati huenda ikasinzia, kwamba waliomsahau mtu miaka saba huenda wamesahau pia kwa nini walimkasirikia.

Siku ya kamati mimi nilikuwa kwenye kiti cha nyuma, maana mkataji huitwa apokee amri. Walikuwa watano, na mwenyekiti wao ni ndugu Šimáček, mzee mnene mwenye vidole vilivyovimba. Walicheka vizuri tu mwanzoni. Kisha baba akatokea na taulo begani, na kicheko kikazimika. Baba akabandua plasta kwa kucha. Akapaka povu. Akasema sentensi yake.

Filamu ilipokwisha taa zikawashwa, na Šimáček alikuwa amevua miwani, anaipangusa.

"Lile la kinyozi," akasema. "Nirudishieni."

Wakarudisha. Akalitazama ameinama mbele, mikono magotini. Nilikuwa nimeona macho yake kabla hajavaa miwani: yalikuwa yamelowa. Nilijiambia, amepita. Baba amepita.

"Mwigizaji mkubwa," akasema Šimáček kwa sauti ndogo. "Nilimwona jukwaani nikiwa kijana, na mke wangu." Halafu akafunga vifungo vya koti. "Ondoeni. Na mkanda wake wa asili pia uteketezwe. Mengine yako sawa, pongezi, ndugu Kratina. Tumecheka sana."

Mengine yako sawa! Yale maneno yake mawili matatu aliyoyaogopa Kratina yalipita bila hata kuulizwa jina.

Kratina alinifuata ukumbini akasema kazi ile apewe mwenzangu, si lazima mimi. Nilikataa. Kwetu maiti huoshwa na watu wake. Nilikata mahali pawili, nikakwangua, nikapaka gundi, nikabana, na ile milango miwili ya kabati ikafungana vizuri kama alivyopanga. Kipande cha baba nilikikunja kwenye kopo, na mtu wa ghala akaja kulichukua, akanisainisha kama vile ninampa viazi.

Baba sikumwambia. Nilijaribu tena kwa simu, akanikatiza. "Gizani, kwa tiketi," akasema.

Onyesho la kwanza lilikuwa la jioni ya mapema, mwezi wa Desemba, nje wanauza samaki wa Krismasi kwenye mabeseni. Jengo zima la baba lilikuja. Bi Havránková alivaa kola yake ya manyoya na alikuwa anawaambia watu asiowajua, "Huyu hapa ni kinyozi, subirini mtamwona." Baba alikaa kati yangu na yeye, ananukia sabuni. Watu walicheka. Baba naye alicheka, na kwa haki, maana filamu ilikuwa nzuri.

Kijana akafunga mlango wa mama yake. Nilimshika baba mkono. Kijana akaingia manispaa.

Mkono wa baba haukushtuka. Ulikaa tu mkononi mwangu, mkavu na mgumu kwa sabuni ya mashuka. Mwishoni watu walisimama wakapiga makofi, naye akasimama akapiga makofi. Kratina aliinamisha kichwa jukwaani mara tatu na upande wetu hakugeuka hata mara moja.

Mahali pa kuchukulia makoti Bi Havránková alitusubiri. "Bwana Otakar, mbona hatukukuona? Ulipita nikiwa nafuta pua, au?"

"Nilikuwa nyuma ya mlango, mama," akasema baba. "Unakumbuka mlango wa yule mama wa kijana? Nilikuwa naushikilia kwa ndani."

Watu wakacheka, lakini hawakujua waangalie wapi.

Tulishuka kwa miguu mpaka mtoni, hakutaka tramu. Theluji ilikuwa nyembamba. Hapo nikayamwaga yote kwa mkupuo: mbwa, Kratina, kamati, mkasi wangu.

"Drahuška," akasema baba, "mbwa mweupe mimi ndiye niliyemfundisha Bořivoj. Kwenye kochi letu. Wewe ulikuwa umelala."

Nikasimama. "Ulijua?"

"Siku ya kwanza nilimbandua yule kijana plasta. Siku ya pili nikamwona anakwenda kupigwa picha za manispaa, amebandikwa nyingine. Miaka yote hii kazini nisijue maana yake?"

"Sasa kwa nini hukuondoka? Kwa nini umekubali wakufanyie vile, na suti umepiga pasi, na jengo zima umeliita?"

"Jengo alilialika Havránková." Akavuta kola. "Mwanangu, miaka saba naambiwa, wee mzee, lete mashuka ya wodi ya tatu. Halafu mtu anakuambia, Mwalimu, sogea kidogo kushoto, taa haijakupata usoni. Ungekuwa wewe ungeondoka?"

Nilimchukia Kratina, nikaichukia kamati, na kwa dakika moja nilimchukia hata baba kwa kuwa ameridhika na kidogo hivyo.

Tulitembea. Kisha akasema, akiangalia maji, "Kuna kitu kimoja kinaninyima usingizi. Usinidanganye. Hizi filamu za rangi wanapimiwa. Onyesho la kukatwa, mtu mwenye akili angelipotezea mkanda? Niambie kweli. Ndani ya kamera kulikuwa na filamu, au yule mpiga picha alikuwa anazungusha mashine tupu?"

Nilimgeukia.

"Ilikuwamo, baba. Nimekuona. Na kamati imekuona. Mwenyekiti alitaka arudishiwe, akakutazama mara mbili."

"Mara mbili?"

"Mara mbili. Akalia."

Alisimama wima, akajiweka sawa kola, kama vile mtu amemwita jina. "Nilikuwaje? Usinipambe."

Nikamwambia. Nilianza na taulo begani, nikamwonyesha alivyobandua plasta kwa kucha ya kidole kidogo akaibandika kwenye kioo, alivyopaka povu, alivyongoja kabla ya ile sentensi.

"Na mkono? Nilihisi ulitetemeka."

"Ulitetemeka kidogo. Hapo ndipo palikuwa pazuri kuliko pote."

"Basi," akasema. "Hapo nilikuwa sijapanga." Akanishika bega, tukaendelea, na kabla hatujafika darajani akasema, "Anzia tena kwenye taulo."

Alifariki mwezi wa Februari, hospitali ileile, kwenye mashuka aliyokuwa akiyafua mwenyewe. Filamu ya Kratina imependwa, televisheni huirudia kila Krismasi, na watoto wangu wanaijua kwa moyo. Kijana anatoka na plasta, anaingia na plasta, nao wanacheka. Hakuna aliyewahi kuuliza kitu. Mimi ndiye niliyeunganisha pale, nafahamu vizuri zaidi ya mtu yeyote kwamba hayumo. Lakini kila mwaka, kijana akishafunga mlango wa mama yake, namngoja kinyozi.