Ndege Inayokunywa Mafuta ya Lori

Mwaka ule wa hamsini na tano, uwanja wa ndege wa Kipawa haukuwa na fundi mwenye maringo kumshinda Revelian, na kusema kweli alikuwa na haki ya kuringa. Ndege ndogo zote zilizotua pale zilikunywa petroli, isipokuwa moja, ya Mzungu mpima ardhi ambaye kila mtu alimwita Bwana Pima. Hiyo ilikuwa na injini ya dizeli, ya Kijerumani, ya kabla ya vita, haina plagi hata moja. Mafundi wa Kizungu waliizunguka, wakaipigapiga ubavuni kama wanunuzi wa ng'ombe, wakaenda zao. Revelian alijifunza dizeli kwenye kinu cha kukoboa kahawa kwao Bukoba. Siku ya tatu akaiwasha.

Akiulizwa inakwendaje, alijibu, "Hayo waachie wenyewe," basi. Hata Fakihi, mjazaji mafuta, rafiki aliyekula naye sahani moja, hakuambiwa. Fakihi aliona tu kwamba ndege ile hutiliwa mafuta ya lori, akapata jibu lake mwenyewe: Bwana Pima ana mkono wa birika. Ubahili wa Mzungu yule ulijulikana mpaka Segerea, kwa hiyo hakuna aliyebisha.

Lakini nyuma ya maringo hayo palikuwa na kidonda. Revelian alikuwa na binti wa miaka minne, Kokushubila, ambaye hajamtia machoni. Alimwacha tumboni mwa mkewe, Jovina, akaja pwani kutafuta. Treni na meli ya ziwani zilikula siku nne kwenda na nne kurudi, na likizo yake haikuzidi siku saba. Jovina aliandika kwamba kila asubuhi mtoto hupiga magoti mbele ya picha ya baba yake, huiamkia kama wanavyoamkiwa wakubwa, kisha hungoja ijibu. Barua hiyo Revelian aliisoma mara moja tu. Mara ya pili hakuweza.

Ndipo Bwana Pima aliposema kwamba Jumamosi ataruka kwenda Bukoba, atakaa siku tatu, na fundi atapanda naye, maana dizeli ikigoma huko nani ataigusa? Revelian alikwenda Temeke kwa Wahiba, muuza nguo, kununua gauni. Wahiba akamuuliza kimo cha mtoto. Revelian akainua mkono, akaushusha, akaupandisha tena, asijue pa kuusimamisha.

"Chukua kubwa, mwanangu," Wahiba akasema kwa upole. "Litamfaa akikua."

Jumamosi asubuhi Revelian alifika uwanjani amevaa koti lake la kanisani. Fakihi alikuwa keshatangulia, anachekacheka peke yake.

"Umejaza?"

"Zamani! Wewe panda tu, ndugu yangu."

Siku nyingine yoyote Revelian angefungua tangi na kunusa. Siku hiyo mikono yake ilikuwa na kazi ya kulinda gauni lisikunjamane.

Injini iliwaka vizuri kwa dizeli iliyobaki kwenye mipira ya kupitishia mafuta. Ndege ikaanza kutembea kuelekea mwanzo wa njia ya kurukia. Revelian akafumba macho. Yeye alikuwa keshafika. Mara akasikia mlio. Dizeli hugonga kidogo siku zote, lakini huu ulikuwa mlio mwingine, mkali, kama mtu anayepigilia misumari kwenye debe. Nisifiche: kwa kitambo kidogo alitamani kunyamaza. Labda itafika. Kisha akampiga Bwana Pima begani.

"Zima, Bwana! Zima, tusiruke!"

Fakihi akaja mbio. "Mmesahau nini?"

Revelian aliruka chini, akafungua kifuniko cha tangi, akanusa. Petroli, tena ile safi ya pipa jipya.

"Ile takataka nimeimwaga yote," Fakihi akamnong'oneza kwa furaha. "Unakwenda kumwona mwanao, sie tukusindikize na mafuta ya lori? Msafiri hupewa masurufu. Ya kwangu mie ndiyo hayo."

Hasira ilimpanda Revelian, kisha ikamgeukia mwenyewe. Dizeli haipatani na petroli: maneno hayo angeweza kuyasema siku yoyote katika miaka miwili tangu aiwashe ndege ile. Hakuyasema, kwa kuwa alipenda kuyajua peke yake.

Bwana Pima akashuka, uso umemwiva. "Nani amejaza mafuta?"

Fakihi alikuwa ameanza kuelewa. Akafungua kinywa aseme.

"Ni mie, Bwana," Revelian akasema.

Bwana Pima alitukana kwa Kiingereza, akaamuru kwa Kiswahili: pampu ifunguliwe yote, itazamwe imeumia kiasi gani. Yeye atakodi ndege nyingine. "Ya petroli. Haina haja ya fundi."

Wakabaki wawili. Revelian akavua koti, akashika spana. Fakihi akamshikia karai la mafuta, akasema, "Nifundishe."

Revelian akamfundisha. Injini hii haina cheche; huibana hewa mpaka hewa yenyewe inapata moto. Mafuta yake mazito ndiyo yanayolainisha pampu, na petroli huiacha kavu ikajisaga. Alieleza yote, taratibu, bila kuruka kitu, huku machozi yakimtiririka hadi kidevuni, na Fakihi akitazama karai.

"Basi tumekuwa wawili tunaojua," Revelian akasema alipomaliza. "Ningekwambia jana tu, Fakihi, jioni ya leo ningekuwa nimempakata."